Skrini inasema 0.3 mm, nyuroni zinasema tumelenga mbele mno. Nani mwongo?

#1 Rula

Wakuu, habari za kazi. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie. Jambo lenyewe limeninyima usingizi wiki ya tatu sasa.

Mimi ni mwanafizikia wa tiba. Kwenye timu yetu kazi yangu ni picha: CT na MRI zinazotumika kulenga ndani ya ubongo zinipitie kwanza kabla daktari hajatoboa fuvu. Tunaweka elektrodi za DBS (kuchochea kina cha ubongo kwa umeme) kwa wagonjwa wa Parkinson, na shabaha yetu kubwa ni kiini cha subthalamasi, ambacho kuanzia hapa nitakiita STN kama tunavyokiita sote. Kwa asiyekijua, ni kidude kinachokaribia punje ya haragwe, kimejificha kina cha kati cha ubongo. Ukichora mstari kati ya AC na PC (vile vifundo viwili vya nyuzi, cha mbele na cha nyuma, vinavyounganisha nusu mbili za ubongo), kisha ukashika katikati ya mstari huo, STN utaitafuta kama milimita 12 pembeni, milimita 3 hadi 4 nyuma, milimita 4 hadi 5 chini. Hapo hakuna nafasi ya kubahatisha. Ukitoka milimita mbili kwenda nje unaigusa kapsuli ya ndani (nyuzi zinazoamuru misuli), na kila ukiongeza mkondo uso wa mgonjwa unavutwa upande. Ukitoka nyuma sana anakwambia mkono unamchomachoma kama sindano.

Utaratibu wetu uko hivi. MRI inapigwa siku chache kabla, bila fremu, mashine ya tesla 3, picha za T2 (aina ya picha ya MRI inayoionyesha STN kuwa nyeusi). Asubuhi ya upasuaji mgonjwa anafungwa fremu, pini nne kwenye fuvu, anapelekwa CT akiwa na lile sanduku lenye vijiti vya umbo la N, vipande vya milimita 1, mashine bila kuinama hata digrii moja. Programu inazitafuta nukta tisa za vijiti, inatoa kosa la wastani. Kwetu mara zote ni 0.3 au 0.4 mm. Halafu MRI inaoanishwa na CT, daktari anachagua shabaha kwenye MRI, tunapata X, Y na Z za kwenye fremu.

Sasa tatizo. Tunashusha mikroelektrodi tano (nyaya nyembamba za kusikiliza nyuroni): ya katikati inayofuata mpango, na nne zinazoizunguka kwa umbali wa milimita 2, yaani mbele, nyuma, ndani na nje. Wagonjwa watatu mfululizo, pande sita. Katika pande tano kati ya sita, mlio mrefu wa STN umepatikana kwenye njia ya NYUMA. Ya katikati inagusa kiini kidogo tu, ya mbele kimya. Daktari akaweka elektrodi ya kudumu nyuma, na wagonjwa wote watatu wanaendelea vizuri, mitetemeko imeshuka.

CT ya baada ya upasuaji nikaioanisha moja kwa moja na CT ya fremu, mfupa kwa mfupa. Elektrodi imekaa milimita 2 nyuma ya mpango, kama ilivyoagizwa. Kwa hiyo mkono wa fremu hauna hatia, umekwenda ulikotumwa. Ila nikiiweka elektrodi hiyo juu ya MRI, picha inaionyesha ukingoni kabisa mwa kiini, karibu itoke nje kwa nyuma. Mgonjwa anasema tumepata, picha inasema tumekosa.

Skrini ilisema 0.3. Hiyo milimita na ushee imeingilia wapi?

Nawasilisha.

#2 KisuBaridi

Mkuu Rula, usijitese. Hiyo ni hewa.

Mgonjwa amelala chali, fuvu limetobolewa, utando umefunguliwa, maji ya ubongo yanavuja na hewa inaingia kwa juu, yaani upande wa paji. Ubongo unafanya nini? Unazama nyuma kwa uzito wake. Kiini nacho kinarudi nyuma. Wewe unalenga kilipokuwa asubuhi kwenye picha, na chenyewe kimeshahama. Nimeziona CT zenye kofia nyeusi ya hewa mbele, unajiuliza ubongo umebaki na nafasi gani.

Dawa yake: tundu dogo, utando ufunguliwe kidogo, gundi ya fibrini iwahi kuzibia, kichwa kiinuliwe kiasi. Picha zako ziko salama.

#3 Rula

Daktari, nilianza na hiyo hiyo. Lakini hewa inaingia kadiri muda unavyokwenda. Tunaanza upande wa kushoto, tukimaliza tunahamia kulia, hapo saa zimeshapita. Kama ni hewa, upande wa pili ungepaswa kuwa mbaya kuliko wa kwanza, au siyo?

Kwangu pande tatu za kwanza zote zimesogea nyuma, na ule mmoja uliokaa sawa ni wa PILI. Tena kwa mgonjwa mmoja tulipiga CT palepale, hewa ilikuwa kijiko tu.

Sikatai hewa. Ninachosema, kuna kitu kingine kimelala chini yake, na mwelekeo wao unafanana ndiyo maana hatukioni.

#4 Mpiga_Picha

Naweka kiti, uzi wangu huu.

Kaka Rula, umetueleza CT kwa kina: unene wa kipande, mashine kutoinama, nukta tisa. Ukafika MRI ukaandika "picha za T2" ukapita. Yaani ni vilevile tunavyoandikiwa kwenye karatasi za maombi: "MRI ubongo, kwa ajili ya DBS." Basi! Miaka minane niko kwenye mashine hii, na sijaletewa hata fomu moja inayouliza upana wa masafa kwa pikseli au masafa yanasomwa kuelekea upande gani wa kichwa. Nimewahi kumfuata daktari mmoja wodini kumuuliza, akaniambia "piga tu iwe nzuri". Nzuri kwa macho ya nani?

CT inapima mahali kwa jiometria, miale imenyooka. MRI haioni mahali. Inasikia masafa, halafu inakisia mahali kutokana na masafa hayo. Chochote kinachobadilisha masafa (uga wa sumaku usiokuwa sawasawa, hewa ya kwenye sinasi, jino la chuma, hata mafuta ya mwili yenyewe) kinahamishwa kwenye picha na mashine haikwambii.

Naomba haya: pikseli ngapi, kipande kina unene gani, upana wa masafa ni hezi ngapi kwa pikseli, masafa yanasomwa mbele-nyuma au kushoto-kulia, na marekebisho ya gradienti (miteremko ya uga wa sumaku inayoipa mashine mahali) yamewashwa kwa pande tatu au mbili.

#5 MtotoWaMama

Samahanini wataalamu, naingilia. Mama yangu amepangiwa upasuaji huu huu, na nilikuwa natafuta maelezo nikaangukia hapa. Nimesoma mpaka #4 mikono imekufa ganzi. Mnataka kusema madaktari wanatoboa kichwa na picha hawaziamini? Nimwambie mama asiende?

#6 NdaniYaFuvu

Mwanangu, usimwambie mama hivyo. Mimi nimefanya kazi hii toka enzi ambazo picha za MRI tulizisikia kwa jirani, ngoja nikueleze.

Ulichokisoma hapa ni watu wanaogombania milimita moja. Wanaogombania ndio wa kumkabidhi mama. Na umeona mwenyewe: picha ilikosea, nyuroni zikawasahihisha mezani, wagonjwa watatu wako vizuri. Ndiyo maana tunashusha zile nyaya nyembamba kusikiliza kwanza. STN ina sauti yake, haifanani na jirani zake: nyaya zikiwa juu yake pametulia, ghafla kelele za nyuma zinapanda, nyuroni zinafyatua ovyo kwa mafungu, kama mvua ya mawe juu ya bati. Ukitokea chini panatulia tena, halafu substansia naigra inaanza na mdundo wake wa haraka uliopangika zaidi. Aliyeizoea haihitaji picha kumwambia yuko wapi.

Na haya si mageni. Spiegel na Wycis kule Philadelphia, mwaka 1947, ndio wa kwanza kutumia fremu ya namna hii kwa binadamu. Hawakuwa na CT wala MRI. Walijaza hewa kwenye vyumba vya ubongo wakapiga eksirei, na mojawapo ya alama zao za kupimia ilikuwa tezi ya pineali iliyojaa chokaa. Sasa tezi hiyo haikai mahali pamoja kwa kila mtu, inatofautiana kwa milimita kadhaa. Talairach wa Paris akahamisha watu kwenye mstari wa AC na PC, kwa sababu vifundo hivyo viko jirani na shabaha yenyewe. Tulilenga kitu tusichokiona kwa kupima kutoka kitu tunachokiona. CT ilipoingia miaka ya 70, Russell Brown akaja na hivyo vijiti vya N mwaka 1978, na hapo ndipo kila kipande cha picha kilipoanza kubeba anwani yake ya fremu chenyewe.

Mama aulize maswali mawili tu: wakishapanga shabaha, wanaihakiki kwa njia gani nyingine tofauti na picha ya kwanza? Na baada ya kuweka, wanapiga picha kuthibitisha? Akijibiwa vizuri, aende kwa amani.

#7 MtotoWaMama

Asante sana mzee wangu. Nimeyaandika. Nitabaki hapa kimya nasoma.

#8 Miale

Niko upande wa mionzi, Gamma Knife (mashine ya kutibu ubongo kwa mionzi bila kupasua). Sisi hatuna hizo nyuroni za kutuokoa mezani. Hakuna waya unaoingia, mionzi inakwenda ilikoelekezwa na picha, na matokeo unayaona miezi baadaye. Kwa hiyo maneno ya dada Mpiga_Picha kwetu ni sheria.

Nije kwenye hiyo 0.3, maana inanikera kuiona inatumiwa kama cheti. Rula, namba hiyo inapima nini? Programu inajua vijiti vya N vimejengwa vipi. Inazitafuta nukta tisa kwenye kila kipande cha CT, inalinganisha zilipoonekana na zilipopaswa kuwa, inatoa wastani wa tofauti. Basi. Inakwambia kwamba sanduku la plastiki linafanana na sanduku la plastiki. MRI haijatajwa popote. Kuoanisha MRI na CT kunafanyika BAADAYE, na programu nyingi hapo hazikupi milimita yoyote, zinakuonyesha picha mbili zimepandana na kukuachia jicho lako.

Tena hata hapo penye namba, kosa la kwenye alama na kosa la kwenye shabaha ni vitu viwili. Mtafiti Fitzpatrick amelionyesha hili kwa hesabu: alama zako zinaweza kukaa vizuri mno ilhali shabaha iko pembeni, na zinaweza kukaa vibaya kidogo na shabaha ikawa sawa. Huwezi kuichukua ndogo ya kwanza ukaamini ndogo ya pili.

Jambo jingine. Watu wanapenda kujumlisha makosa kwa kipeuo: sema picha 0.7, kuoanisha 0.5, fremu 0.5, ukivipiga vipeo na kujumlisha unapata kama milimita 1.0. Hesabu hiyo ni halali kwa makosa yanayoyumba huku na huku. Kosa linalosukuma upande mmoja kila siku haliingii kwenye kipeuo, linajumlishwa lilivyo, na wagonjwa kumi hawalipunguzi. Pande tano kati ya sita kwenda nyuma, hilo linanukia kosa la aina ya pili.

#9 Rula

Nimerudi. Jana jioni nilikwenda kwenye chumba cha MRI nikaifungua protokali yenyewe. Dada Mpiga_Picha, haya hapa:

T2 za vipande, axial (mkato wa kulala). Pikseli 0.5 mm. Kipande 2 mm. Upana wa masafa 150 Hz kwa pikseli. Masafa yanasomwa mbele-nyuma. Marekebisho ya gradienti: pande mbili.

Nikaanza kuandika hesabu nyuma ya karatasi ya zamu. Masafa ya mafuta na ya maji yanatofautiana sehemu 3.5 katika milioni. Kwenye tesla 1.5 ni kama 220 Hz, kwenye tesla 3 ni kama 440. Gawanya 440 kwa 150 unapata karibu pikseli 3. Mara 0.5 mm, unapata milimita 1.5.

Milimita MOJA NA NUSU, mbele-nyuma. Nilikaa chini.

#10 KisuBaridi

Subiri mkuu. Ubongo hauna mafuta ya kusogea hivyo. Mafuta yako kwenye ngozi ya kichwa, ndani ya mfupa, nyuma ya macho. Kiini chenyewe ni maji, kiko mahali pake. Ngozi ikisogea milimita 1.5 kwangu ina shida gani, simlengi mtu ngozi.

#11 Mpiga_Picha

Daktari, humlengi ngozi, lakini programu inayooanisha inaiangalia ngozi!

Fikiria CT. Ndani ya ubongo CT inaona nini? Kijivu juu ya kijivu, na vyumba vya maji kwa mbali. Penye mipaka mikali ni mfupa na ngozi. Kwa hiyo programu ikitafuta namna ya kuzipandanisha, sehemu kubwa ya ushahidi wake iko pembezoni. Sasa kwenye MRI yako mafuta ya pembezoni yamesukumwa, sema kwenda nyuma. Programu inaona ngozi za MRI ziko nyuma ya ngozi za CT, inaivuta MRI NZIMA mbele ili zikutane. Ubongo unaburutwa nao. STN inaonekana mbele ya ilipo. Unailenga hapo, nyuroni zinakwambia rudi nyuma.

Haivuti milimita 1.5 zote, maana mfupa wa ndani na vyumba vya maji vinaipinga. Lakini inavuta.

Kaka Rula, kabla ya kupima chochote fungua T2 ya mgonjwa yeyote, nenda usawa wa macho. Kama mafuta yamekwenda nyuma, utakuta hilali nyeusi nyembamba nyuma ya tufe la jicho, pale mafuta yalipohama na kuacha shimo. Halafu tazama fuvu: la paji litaonekana jembamba kuliko CT inavyolionyesha, kwa sababu ngozi imelipanda. La kisogoni litaonekana nene.

#12 Rula

Hilali ipo. Macho yote mawili, wagonjwa wote watatu. Miezi yote hii nimekuwa nikiipita kwenda kutazama katikati ya ubongo.

#13 Mpita_Njia

Huu uzi ni kama hadithi ya upelelezi 😂 Endeleeni.

#14 NdaniYaFuvu

KisuBaridi, hapo mdogo wako amekufunga bao. Ila nami nina neno kwa Rula: pande sita ni chache. Sehemu ya STN tunayoitaka, ile ya mwendo wa viungo, iko juu, nje na nyuma ndani ya kiini. Kama daktari wako ana mazoea ya kulenga katikati ya weusi wa kwenye T2, mlio mzuri utakuja nyuma hata picha ikiwa malaika. Weusi huo unatokana na madini ya chuma, na chuma hakikuenea sawasawa ndani ya kiini, kimejaa zaidi mbele na ndani. Kwa hiyo jicho linavutwa mbele kabla programu haijavuta chochote. Lipime hilo pia.

#15 Rula

Mzee, hilo sikuliwaza kabisa, na kwa kweli linaniharibia hesabu. Nikamuuliza daktari wetu analenga wapi. Anachukua mstari wa ukingo wa mbele wa viini vyekundu, anaunyoosha pembeni, analenga hapo kwenye STN. Viini vyekundu viko kwenye T2 hiyo hiyo, na sehemu yote ya katikati inaburutwa pamoja, kwa hiyo mazoea yake hayatukingi na mburuto wa programu. Lakini umenionya nisitangaze kwamba milimita zote ni za mafuta.

#16 Mpiga_Picha

Jipige mwenyewe basi. Huna pini kichwani, huna Parkinson, unaweza kulala tuli dakika ishirini. Piga T2 ile ile mara mbili, ya pili ugeuze mwelekeo wa gradienti ya kusoma. Kilichosogea nyuma kitasogea mbele. Umbali kati ya hizo mbili ugawe kwa mbili, umepata kosa bila kukisia. Ubongo hautacheza, ngozi itaruka.

#17 Miale

Ongeza T1 (aina nyingine ya picha ya MRI) ya pande tatu, vokseli (kijisanduku cha picha) ya milimita 1 kila upande, upana wa masafa mkubwa, marekebisho ya gradienti pande tatu. Oanisha T1 na CT. Halafu T2 uioanishe na T1, si na CT, na uchore kisanduku kuzunguka katikati ya ubongo tu: ventrikali ya tatu, AC, PC, shina la ubongo. Ngozi na taya zitupe nje. Taya yenyewe inacheza, mtu amefumba mdomo kwenye MRI na kwenye CT kaachama.

Na kwa wale wanaoingiza fremu ndani ya MRI na kuona wameepuka haya yote: zile alama zenye maji ya salfeti ya shaba zinakaa pembezoni kabisa, pale ambapo gradienti inapinda kuliko mahali popote. Unapima katikati iliyonyooka kwa rula iliyopinda.

#18 KisuBaridi

Swali la kijinga pengine. Kwa nini tusipandishe tu huo upana wa masafa tukamaliza?

#19 Mpiga_Picha

Si la kijinga. Ukiupandisha unaalika kelele. Kutoka 150 kwenda 400 ishara inashuka kwa zaidi ya mara moja na nusu ukilinganisha na kelele, na STN ni kitu cha kuvizia, weusi kidogo juu ya kijivu. Ukitaka kufidia kwa muda, picha ya dakika tano inaelekea dakika kumi na tatu. Mgonjwa wa Parkinson aliyezuiwa dawa toka usiku unamlaza dakika kumi na tatu bila kutikisika? Nikishatoa kosa la mafuta naleta kosa la kichwa kilichotetemeka.

Kuzima ishara ya mafuta inawezekana nayo, nami naipenda, ila kwenye baadhi ya mashine inazimika upande mmoja wa kichwa na kubaki mwingine, halafu unakuwa umenunua ugomvi mpya.

#20 Rula

Wiki mbili zimepita, samahanini kwa ukimya. Ilibidi nisubiri nafasi ya usiku kwenye mashine.

Nimelala mwenyewe. T2 mbili, gradienti imegeuzwa. Nikazipandanisha kwenye skrini na kuzipokezanisha kwa kidole, moja, nyingine, moja, nyingine. Ventrikali ya tatu imesimama kama imepigwa msumari. AC na PC hazijatikisika. Ngozi ya paji inaruka mbele na nyuma karibu milimita 3, yaani 1.5 kila upande. Hilali ya jicho katika picha moja iko nyuma ya tufe, katika nyingine imetoweka na badala yake kuna ukingo unaong'aa, mafuta yamepanda juu ya jicho.

Kisha nikarudi kwa wale wagonjwa watatu. Bahati nzuri wote walikuwa na T1 ya pande tatu ambayo hatukuwa tukiitumia kwa lolote. Nikafuata njia ya Miale: T1 kwa CT, T2 kwa T1, kisanduku katikati. STN ikarudi nyuma kwa 1.1 mm kwa wa kwanza, 0.9 kwa wa pili, 1.2 kwa wa tatu. Elektrodi zilizokuwa zikionekana ukingoni sasa ziko ndani ya kiini, ingawa bado nyuma kidogo ya katikati. Hiyo sehemu iliyobaki namwachia mzee NdaniYaFuvu na madini yake ya chuma.

Na 0.3? Nimeirudia hesabu ya vijiti kwa wote watatu. Bado ni 0.3. Haikuwahi kudanganya, mimi ndiye niliyeisomea swali ambalo haikuulizwa.

Protokali tumebadilisha. Masafa 400 Hz kwa pikseli, kosa la mafuta limeshuka hadi kama 0.55 mm. Gradienti pande tatu. Picha ina chembechembe kuliko zamani, daktari amenung'unika siku mbili, kisha akazoea. T1 inapigwa kwa kila mtu. Na kwenye fomu ya maombi tumeongeza mstari wa masafa, mwelekeo na unene wa kipande. Dada Mpiga_Picha, mstari huo ni wako.

#21 Mpiga_Picha

Nimeusoma mara mbili. Fomu! Jamani, fomu!

#22 KisuBaridi

Haya, nimekubali kwa pande tatu za kwanza. Mgonjwa wa nne je? Mmeshafanya?

#23 Rula

Juzi. Upande wa kushoto, njia ya katikati, mlio wa STN wa milimita 5 na ushee bila kukatika. Chumba kizima tulitazamana. Elektrodi imewekwa hapo hapo kwenye mpango.

Upande wa kulia, mlio mrefu ulikuja kwenye njia ya nyuma.

#24 KisuBaridi

CT ya palepale?

#25 Rula

Kofia nyeusi, paji zima.

#26 KisuBaridi

😁